Nafasi Moja Kwenye Benchi la Akiba

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Nimepata! Njia ya kuwa kocha wa timu ya mtaa, Kirumba Kombaini, bila kugusa mpira. Tangu kiwanda cha pamba kibinafsishwe nami nipunguzwe kazi, mtaa mzima unaniita Mpunguzwa. Hata muuza dagaa! Basi. Wataniita Kocha, wapende wasipende.

Mambo yameanzia kwa mke wangu. Dorotea alikwenda semina ya parokia, akarudi na kitu kinaitwa Enneagramu. Kwamba binadamu wote tuko aina tisa. Wa Kwanza hurekebisha kila kitu, wa Sita huona hatari kila kona, wa Nane mgomvi, wa Tisa hukubaliana na kila mtu, na kadhalika. Sista Odeta, mwendesha semina, aliwaambia ni kioo cha kujitazama, si rungu la kumpigia jirani. Mimi nikaona rungu zuri sana.

Jioni nikaenda dukani kwa Mzee Tayabali. Huwa anatutolea televisheni barazani tutazame kichekesho cha mpira, "Benchi la Akiba". Wachezaji wa akiba, hawaingii uwanjani hata siku moja, wanagombana tu benchini. Nikawapanga wote kwa aina! Nahodha Sheria, wa Kwanza. Wasiwasi, wa Sita. Chuma, wa Nane. Bwana Pole, wa Tisa. Kasoro wa Tatu, mpenda sifa, anayeitwa Nyota. Huyo hajawahi kuonekana. Kila siku wenzake wanamwachia nafasi, kila siku wanasema yuko njiani. Watu hucheka mpaka basi.

Dorotea anasema wa Tatu ni mimi. Upuuzi! Mimi ni wa Tano, mtazamaji mwenye akili zake.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wenyewe: mchezaji nimwite jina la mtu wa kwenye televisheni, tabia imjie. Beki Maige ni mpole mno. Nikamwita Chuma. Kipa Masalu hubishana hata na mwamba wa goli. Nikamwita Bwana Pole. Na Luhende, kocha wetu, anayetembea kifua mbele kama jogoo? Huyo Wasiwasi! Nikamwita hivyo mazoezi yote, kwa sauti. Vijana wakadakia.

Mama mkwe yuko kwetu, Bibi Ng'washi, katoka Bujora. Mila haimruhusu kusema nami ana kwa ana, kwa hiyo yakiwa mazito humwambia kuku, nami nasikia nikiwa nyuma ya mlango. Leo kamwambia kuku kwamba kwao mtoto akilia bila kunyamaza hutajiwa majina ya wahenga, mmoja mmoja. Akinyamaza, basi mwenye jina hilo ameshafika. Jina halivaliwi hivi hivi kama kofia ya mtumba. Ukimwita mtu jina la mwingine, yule mwingine husikia.

Kuku aliendelea kudonoa. Mimi nilicheka kimoyomoyo.

Jumatano, 6 Agosti

Dawa imekubali! Maige kamrukia mtu teke la kifuani. Masalu kafungwa mabao ya kipuuzi, kisha akawaambia washambuliaji pole kwa usumbufu.

Luhende ndiye tunda lenyewe la mpango wangu. Akaja kuniuliza kama namwona mtu aliyesimama nyuma ya goli. Hapakuwa na mtu. Akauliza tena, jasho linamtoka. Halafu akamkabidhi Mzee Tayabali filimbi, maana ndiye mfadhili wa timu, akaenda kwake kupigilia mbao madirishani. Mzee akauliza nani atatuongoza Jumapili dhidi ya Igoma. Nikakohoa kidogo. Filimbi ninayo shingoni ninapoandika haya!

Kuna kitu kidogo tu. Nilimwita Masalu kwa jina lake anisaidie kubeba nyavu. Hakugeuka. Nikaita Bwana Pole. Akageuka na kutabasamu, na tabasamu lile nalijua, ila si la kwake.

Alhamisi, 7 Agosti

Mgawo wa umeme. Kirumba yote giza tangu magharibi, jenereta ya Mzee Tayabali mbovu. Napita dukani, barazani hakuna mtu. Televisheni inawaka.

Nikadhani betri. Nikasogea. Waya ulikuwa sakafuni, haujachomekwa popote. "Benchi la Akiba" inaendelea, bila sauti, na hakuna anayegombana. Wamekaa tu. Bwana Pole akageuza uso. Jino la mbele limekatika, palepale lilipokatika la Masalu kwenye mwamba wa goli. Wasiwasi kashika nyundo. Wote wakanitazama. Wakasogea kidogo, wakaacha nafasi.

Nikawaambia habari za jioni. Nikaondoka kwa mwendo wa heshima mpaka kona, kisha nikatoka mbio. Niseme ukweli, naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Hakuna mazoezi. Mama Teodora, mama yake Masalu, kaja analia. Nikampa shikamoo, hata marahaba hakuitoa. Mwanawe hali chakula, harudi nyumbani, kutwa amekaa kwenye benchi la uwanjani. Akimwita mwanangu, kijana anamuuliza kwa upole: mwana wa nani, mama?

Bibi Ng'washi kamwambia kuku tiba yake. Aliyewatwika watu majina ya bandia aache kuyataja. Kisha kila mmoja aitwe na mtu wake wa karibu kwa jina alilopewa na wazee. Akiitika, amerudi. Rahisi hivyo.

Dorotea akaniambia niache leo hii. Nikamwambia nitaacha Jumatatu, baada ya mechi. Masalu akirudi kuwa Masalu, Maige atarudi kuwa Maige, na Luhende naye atarudi kuchukua filimbi yangu! Hilo hamlioni? Dorotea akasema hakika mimi ni wa Tatu, wala sitaki kusikia. Kisha akamkumbatia mama wa watu, wakalia wote wawili. Nikatoka nje, moyo unaniuma. Lakini filimbi ni filimbi.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika haraka, uwanjani.

Igoma wamefika. Mwamuzi kaita timu. Vijana wangu wamekaa benchini, wote, mikono magotini. Nikapuliza filimbi. Nikaita Chuma, nikaita Bwana Pole. Wakaniangalia kwa huruma. Wao ni akiba. Akiba haiingii.

Watu wakaanza kucheka. Mmoja akapiga kelele: Mpunguzwa! Uwanja mzima ukadakia. Lo, aibu! Sijapata kuona aibu ya namna ile. Nikapanda juu ya benchi, nikapaza sauti kwamba mimi si Mpunguzwa, mimi ndiye Nyota!

Wachezaji wakageuka pamoja. Masalu akasogea, akapangusa nafasi kwa kiganja, akaniambia pole na safari. Nimekaa. Miguu ilikuwa imechoka.

Siku gani sijui. Jioni

Benchi ni safi. Kibaridi kidogo. Sheria kanirekebishia kamba za viatu.

Kutoka hapa naiona Kirumba yote barazani kwa Mzee Tayabali, wamekaa wananitazama na kucheka. Wananishangilia, bila shaka. Masalu yuko kule, mama yake kamshika mkono hamwachii. Maige yuko. Mama zao waliwaita, wakaitika. Luhende naye yupo, mkewe kamrudisha, na shingoni kavaa filimbi. Filimbi yangu! Mshenzi yule!

Dorotea hacheki. Kasogea mpaka kwenye kioo cha televisheni, macho mekundu. Tangu binti yetu azaliwe ananiita Baba Queen. Leo kasema Mihayo. Jina la babu yangu, jina langu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Lakini nikawaza. Niitike nirudi kuwa Mpunguzwa, chini ya Luhende? Na hapa Sheria kaninong'oneza kwamba leo kocha anaweza kutoa nafasi! Tena huyu Sheria unahodha haumfai hata kidogo. Nimeshaanza kumpangia.

Dorotea kaita tena, sauti imemkauka. Asubiri kidogo, nipangwe kwanza. Mzee Tayabali ananyoosha mkono azime. Si neno. Kesho atawasha.