Kufuli la Choo cha Soko

Jumatatu, 3 Machi
Choo cha soko bado kimefungwa. Tangu kabla ya mvua. Mama mkwe, anayeuza mboga mkabala na kibanda changu cha kushona viatu, huvuka barabara kuu kwenda kuomba choo kituo cha mafuta. Leo nusura pikipiki imkumbe. Karudi, kakaa, kaendelea kupanga mboga. Mimi nimesema. Mtandaoni! Nimesimama mbele ya kufuli nikamwambia msimamizi wa soko hatutanyamaza. Kuja kutazama video, sura yangu haimo. Nimerekodi kidole gumba na sauti. Nimeituma hivyo hivyo. Ukweli hauhitaji sura.

Jumanne, 4 Machi
Wametazama wachache. Mmoja kauliza kama bado nabandika soli. Msusi, jirani yangu, naye katoa video: wanawake wa soko kimya mlangoni kwa msimamizi, kila mmoja na ndoo tupu. Imesambaa kama moto wa nyikani. Nimemwambia kaiba hoja yangu. Akasema hoja ni ya kibofu, na yeye anacho pia. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 5 Machi
Msimamizi anasema ufunguo umepotea, na kelele za mtandaoni huisha zenyewe. Hapo kanichoma. Maana ni kweli, leo watu wote wanamzungumzia mbuzi aliyeingia benki. Moto usipochochewa huzimika. Kesho narusha laivu kutoka ndani ya choo chenyewe. Kuna kidirisha kwa nyuma.

Alhamisi, 6 Machi
Kichwa kilipita. Mabega yakapita. Tumbo likakataa. Nusu yangu chooni, nusu hewani, simu mkononi, laivu inaendelea. Nikaendelea kuhutubia. Watu wakamiminika, mtandaoni na nyuma ya ukuta. Msusi akarekodi upande wangu wa nje. Mama mkwe akaja, akanipandisha suruali kwa heshima, akasema, “Tulia, mwanangu.” Kisha akamgeukia msimamizi: mkwe wangu akifia humu, polisi utawaeleza wewe. Msimamizi akarudia habari ya ufunguo. Fundi chuma akaleta mtaimbo. Kufuli likaruka. Wakanivutia ndani, nikaanguka sakafuni. Wanawake hawakusubiri hata niinuke. Wakaniambia nitoke, huu ni upande wao.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi kaja na kufuli jipya. Mama mkwe akaweka kigoda chake katikati ya mlango, akaketi, akaanza kuchambua mboga. Akamwambia afunge tu, amfungie na yeye. Wenzake wakasogea nyuma yake. Msusi anarekodi. Msimamizi akalitazama kufuli, akatazama simu, akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi
Choo kiko wazi. Mama mkwe hajavuka barabara siku nzima. Soko linamshukuru yeye na msusi. Mimi wananiita Kizibo. Sawa. Wajuao mikakati wanajua mlango ulivunjwa kwa ajili ya nani. Mke wangu kanisihi niiache simu, nirudi kwenye viatu. Nimemwitikia. Ila bomba la choo halitoi maji, na msimamizi anadai tangi ni zima. Jioni nimelizunguka. Mdomo wake ni mwembamba kuliko kile kidirisha, lakini safari hii nitajipaka mafuta.