Waini Baridi kwa Boma Yangu

Manyatta, Kisumu
Mei, 1993

Kwako Mkwe wangu, Bwana Shitanda,

Pokea salamu nyingi kama samaki wa zamani, kabla magugu hayajafunika ziwa. Mke wangu Dorca ni mzima. Binti yetu Perez amenuna tangu Jumamosi, anasema nisipotengeneza mambo na wewe, harusi yake na kijana yako imekufa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu, na unajua mimi shule niliipita kwa nje.

Mkwe, mimi si mtu ya kulialia. Mimi ndiye Ogola nilipiga kiboko kofi pale Dunga, na kiboko ndiye aliomba msamaha. Lakini ile waini nyekundu mlileta Jumamosi, siku ya mahari, imenishinda. Malalamiko ni haya:

1. Ilikuwa baridi. Mliitoa kwa barafu mbele ya wazee, kama samaki mbuta ya kusafirishwa Nairobi. Halafu ukasimama kututangazia ati wewe umefanya kazi hoteli kubwa, ati waini nyekundu inataka digrii kumi na sita, na kwa joto ya Kisumu lazima ipoe kidogo kwanza. Digrii ni ya watoto wa chuo, Mkwe. Pombe ya heshima inapimwa na ulimi ya mzee.

2. Kwetu, kong'o, pombe ya wazee, inakaa kwa chungu katikati, inaongezwa maji moto, kila mtu anavuta na mrija mrefu kutoka kwa kiti yake. Na wewe Mluhya usijifanye Mfaransa. Babako alivuta busaa ya moto na mrija hivyo hivyo, na alikuzaa vizuri tu.

3. Nilipiga funda moja tu, nikatetemeka. Meno iligongana mpaka akina mama jikoni wakauliza nani ameleta kayamba. Nilivaa koti, nikaongeza blanketi, nikaazima na koti ya mchungaji, saa saba mchana, na jua inapasua mabati! Niambie, ni nini ilifanya hivyo kama si barafu yako?

4. Nikaamua kuokoa jina yako. Nilichukua thamosi, nikamwaga maji moto kwa chupa zote. Badala ya kusema asante, ulishika kichwa kama mtu amefiwa, ukaniita muuaji wa waini, ukabeba watu wako mkaenda kabla kuku haijaletwa. Mkwe anaondoka bila kula kuku! Mpaka Kisian wanazungumza. Hiyo kuku tulikula sisi wenyewe, na haikuteremka.

5. Kwa hivyo naomba kwa heshima yote. Siku ya harusi waini ichemshwe kwa sufuria, itiwe tangawizi, na bwana harusi avute na mrija mbele ya mchungaji. Hoteli za Nairobi nazo ziambiwe zitupilie mbali friji zao. Ukikataa, Perez hatoki hapa mpaka watu watembee kwa miguu juu ya maji ya ziwa kutoka Kisumu mpaka Uganda.

Nisalimie mama watoto, Nelima, na kijana yako, mwambie bado nampenda. Salimia pia majirani wote, hata wale hawanijui, watanijua.

Ni mimi, ambaye haki iko upande wangu,
Mzee Ogola

N.B. Kabla ya kubandika stempu, Dorca amenivuta mpaka dispensari. Wamepima damu, wamesema ni malaria, na kubwa. Dorca naye, huyu mama hana huruma, ameambia daktari nilianza kutetemeka Ijumaa, na siku ya mahari nilirudisha chai jikoni mara mbili, hata ile uji ilikuwa bado inachemka, nikisema ni baridi. Sasa nimemeza dawa na ninaungua kama jiko. Mkwe, njoo Jumapili, nimeshika jogoo mwingine. Waini uilete vile wewe unajua. Lakini wazee wa hapa wasisikie nimeandika hivi.