Kengele Moja, Vigango Viwili

Jumatano, 9 Agosti 1950

Tumefika Orvieto. Mji huu uko juu ya jiwe! Si kilima cha kupanda taratibu kama vya kwetu. Ni jiwe moja kubwa, limekatika wima pande zote, na juu yake watu wamejenga makanisa, minara na soko la nyanya. Tulipandishwa na gari lisilo na injini. Yako mawili: la juu linajazwa maji, linashuka kwa uzito wake, na kamba inalivuta la chini. Maji tu! Mwenzangu Mayala alifumba macho akasali rozari. Mimi nilitazama kila kitu, maana mtu wa Somanda haogopi. Baadaye niliona kofia yangu ina alama za meno ukingoni.

Nyumba ya kina Padre Ottavio, paroko wetu, imejaa ndugu. Hawajamwona tangu kabla ya vita. Kwa hiyo sisi makatekista wake wawili, tuliokuja naye kuhiji Roma, tumewekwa hoteli ya bei rahisi karibu na kanisa kuu. Mwenye hoteli anaitwa Bwana Renzo. Alikuwa mfungwa wa vita Tabora miaka minne, na Kiswahili chake amekiokota huko. Alitupokea kwa kelele: "Karibu sana watu ya Tabora!" Nikamweleza kwamba sisi ni wa Bariadi, na Tabora ni mbali. Akasema yote iko nyumbani, kisha akatokwa na machozi, mtu mzima na mvi zake. Nimempenda.

Chumba chetu kiko ghorofa ya nne, chini ya vigae. Ukisimama wima unagonga boriti. Maji ya kunawa yako kwenye jagi, na kitanda kinalalamika ukivuta pumzi. Lakini mashuka! Meupe, yamepigwa pasi, yananukia jua. Nilivua viatu mlangoni kwa heshima. Mayala amechukua kitanda cha dirishani. Eti kingine kina godoro nene zaidi, akaona aniachie mimi. Ujanja mkubwa!

Sasa jambo lenyewe, niliandike wazi. Mama yake Padre, Bibi Assunta, ana kengele. Ilikuwa ya kanisa dogo la shambani kwao, paa likaanguka wakati wa vita. Anataka iende Afrika kwenye kazi ya mwanawe. Kengele ni moja, vigango vyenye haja nayo parokiani kwetu ni viwili: Somanda kwangu, na Migato kwa Mayala. Bibi ataamua mwenyewe Jumanne, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria.

Lazima iwe yangu. Somanda tunaita watu kwa kugonga rimu ya lori. Mnunuzi wa pamba jirani yetu naye anagonga rimu. Mwezi wa sita watu wanane waliingia kwenye sala na mizigo ya pamba kichwani, wakauliza mizani iko wapi. Tena kuna mama yangu. Mayu Kwandu anakaa ng'ambo ya mto, rimu haimfikii. Hukisia kwa jua, hujikongoja na fimbo yake, na akifika anakuta tunatoka. Husema si neno, Mungu amemwona njiani. Mimi huumia sana. Na siku ya kuaga niliapa mbele ya kigango kizima kwamba kengele naileta. Mnara wa miti tumeshausimamisha.

Alhamisi, 10 Agosti

Mpango wa kwanza: maji. Hakuna bibi duniani asiyempenda mtu wa kumletea maji.

Niliamka mapema, Mayala hayupo. Nikachukua ndoo niliyoikuta chini ya ngazi, nikauliza kwa vidole kisima kiko wapi. Ee Mungu wangu, kisima! Kina ngazi mbili zinazozunguka ukutani, moja ya kushuka na moja ya kupanda, hata punda aendaye hakutani na punda arudiye. Kina miaka mia nne. Madirisha yametobolewa humo humo kwenye jiwe ili punda aone njia. Nilihesabu ngazi mia mbili arobaini na nane. Nikasimama chini kabisa, nikatazama juu, mbingu imekuwa sahani. Nikawafikiria wanawake wa kwetu wakati wa kiangazi, wanafukua mchanga mtoni kwa vibuyu na kugombea tope. Nilitamani kuwapa mkono mafundi wale, ingawa ni marehemu.

Mtu wa tiketi alinifuata mpaka chini akifoka. Yaelekea siku hizi watu huja kukitazama tu. Kisima cha namna hii, kutazama tu! Nikajaza ndoo nikajitwika. Kwetu mwanamume kujitwika ndoo ni kichekesho, lakini nilijiambia huku nani ananijua. Mji mzima ulitoka milangoni. Wengine walipiga makofi.

Nilifika kwa kina Padre na nusu ya ndoo. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya shati. Bibi Assunta ana bomba jikoni. Na nani amekaa kigodani anamenya naye maharage? Mayala! Renzo katikati yao anatafsiri. Waliponiona wakanyamaza wote watatu. Njama! Bibi alipokea ndoo kwa adabu, akainusa, akamwagilia maua. Kumbe ndiyo ndoo ambayo mke wa Renzo anapigia deki.

Ijumaa, 11 Agosti

Mpango wa pili: uchaji.

Kanisa kuu lina milia, nyeusi na nyeupe, kutoka chini hadi juu. Punda milia wa Mungu! Na uso wake wa mbele ni dhahabu na rangi, malaika kwa mamia, kila mmoja na sura yake. Jua la jioni likiupiga huwezi kuutazama, na huwezi kuacha kuutazama. Nilisimama hadi shingo ikakakamaa. Nimewaza: walioanza kuujenga walijua hawataumaliza, na wajukuu wao hivyo hivyo, lakini hakuna aliyetega kazi. Kwetu darasa la ukatekumeni limekwama kwenye lenta mwaka wa tatu.

Bibi Assunta alikuwa benchi la tatu. Ulipofika wimbo wa Bikira Maria nikaitoa sauti yangu, ile yenyewe, ya kuitia ng'ombe. Njiwa waliruka. Mzee mmoja alivua kofia ambayo tayari alikuwa ameivua. Mlinzi wa kanisa akaja kunishika bega, akidhani naumwa. Bibi aligeuka, akanitazama muda mrefu. Mayala mdomo wake ulikuwa unatembea, sauti hakuna. Atapata wapi kengele, maskini?

Jumamosi, 12 Agosti

Leo Bibi Assunta alituita kuiona. Iko zizini, nyuma ya mapipa ya divai, imefunikwa gunia. Kimo chake ni mpaka kiunoni mwangu. Pembeni imechorwa zabibu na jina la Mama Maria. Nikaigonga kwa ukucha tu. Iliitika! Sauti ilitoka taratibu ikakaa hewani, nami nikamwona mayu Kwandu ng'ambo ya mto anainua kichwa. Machozi yalinitoka. Sikuyapanga hayo.

Mayala alisema sauti hii itavuka maji vizuri. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini siku ya Bwana nisivuke mwenyewe nikamchukue mama. Nikamuuliza, na rimu agonge nani? Mtu huyu haelewi mambo ya uongozi.

Jumapili, 13 Agosti

Siku kuu! Nimeshinda!

Tulialikwa chakula cha mchana kwa kina Padre. Ukoo mzima mezani. Zikaletwa tambi na mchuzi. Nikakumbuka kwamba kubakiza ni kumdharau mpishi, nikala sahani tatu. Kumbe ulikuwa utangulizi tu. Akaja kuku, akaja sungura, yakaja maharage. Nilikula vyote kwa imani.

Hapo nikatoa mpango wa tatu, ambao ni mwepesi ajabu. Padre ni baba yetu. Mama wa baba ni bibi. Na bibi kwetu ni nani? Ni mke! Mjukuu asiyemtania bibi yake anamchukia. Mayala tangu tufike anampigia magoti na kutazama chini, utadhani ni mama mkwe. Nikasimama, nikamwambia Renzo atafsiri neno kwa neno.

Nikanguruma: "Mke wangu! Umenikimbia miaka yote hii, umekaa huku unakula sungura, na mimi Somanda napika mwenyewe! Leo nimekufuata. Mahari nimeleta. Ng'ombe mmoja tu, tena mzee, kwa sababu na wewe meno huna!"

Renzo alitafsiri. Kijiko kilianguka. Kaka yake Padre, jitu la kutengeneza mapipa, akainuka na kisu cha mkate. Padre akafunika uso. Mayala akaingia karibu chini ya meza.

Bibi Assunta akauliza kama ng'ombe huyo anakamuliwa.

Nikajibu kwa sauti ile ile kwamba yeye na ng'ombe watakamuana! Bibi alicheka mpaka wakampiga mgongoni. Alinitupia mkate. Akamwambia kaka yake Padre akae chini, asiingilie mambo ya nyumba yake na mumewe. Baadaye glasi moja ilionekana ina ufa. Walisema ni sauti yangu, nami sikukana.

Jumatatu, 14 Agosti

Mji mzima unaniita bwana harusi. Mwuza mkate amenipa mkate. Mke wa Renzo amenisamehe habari ya ndoo.

Sikuona sababu ya kungoja. Nimeandika barua ya ndege kwa wazee wa kigango: kengele imepatikana, imarisheni mnara, mwambieni mayu Kwandu hatachelewa tena. Nimeshaitumbukiza kwenye sanduku la posta. Mayala aliomba nisubiri kesho. Wivu huo.

Jumanne, 15 Agosti

Baada ya misa Bibi Assunta aliketi mlangoni pake na nguo nyeusi ya sikukuu, ndugu wote wamemzunguka. Nilivaa tai. Nilikuwa na maneno ya shukrani nusu saa.

Kengele inakwenda Migato.

Nilidhani Renzo amekosea kutafsiri. Nikamwambia arudie. Akarudia, naye kwa huzuni: "Bibi nasema, wewe iko na kengele tayari. Iko hapa." Akanigusa koo. Bibi anasema amewaza usiku kucha ni mto gani wenye maji ya kuizuia sauti ile isivuke, hakuupata. Lakini kijana wa Migato akiita watu kwa mdomo wake, hata kuku wake hawatageuka. Huyo ndiye anayehitaji. Kisha akanivuta sikio, akanibusu paji la uso, akasema ng'ombe nimlete hata hivyo.

Wote wanacheka, na mimi nimesimama na tai yangu. Barua iko hewani. Mayu Kwandu ataambiwa, ataamini.

Mayala hakushangilia. Alipiga magoti mbele ya Bibi, akamnong'oneza Renzo maneno mengi ya kutafsiri, na Bibi akatikisa kichwa. Nikamuuliza Renzo anaomba nini tena, mnara? Renzo akanitazama kwa mshangao. Kumbe tangu asubuhi ile ya maharage Mayala alikuwa anamweleza Bibi habari za mama yangu na mto, anaomba kengele iende Somanda. Ndiyo maana walinyamaza nilipoingia. Alitaka iwe mshangao. Jumamosi Bibi alikuwa amekubali. Alituita zizini ili anitazame nikiipokea kwa macho. Hadi chakula cha mchana cha Jumapili ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye ngazi ya kanisa kuu muda mrefu. Malaika wa dhahabu walikuwa pale pale, wazuri vile vile, na sikuweza kuwatazama.

Padre alikuja akaketi kando yangu. Akasema dawa ipo: kila Jumapili nisimame ukingoni nimwite mama kwa sauti yangu, au nivuke nimpe mkono. Nilimshukuru kwa adabu. Katekista mzima, amesimama mtoni anaita mayu, mayu! Heshima ya kigango iko wapi?

Jumatano, 16 Agosti

Nimelala, nimewaza, nimeelewa. Nilimwomba Mayala radhi, naye akasema yameisha, akanipa dirisha. Ni mtu mwema, sikatai. Lakini wema wake si siri ya ushindi wake. Siri ni ukimya! Wazungu wa jiwe hili humpa kitu mtu asiyesikika. Mimi nilikuja na sauti mahali panapotakiwa unyonge.

Na Mungu hamtupi mja wake. Asubuhi hii, wakati wa kahawa, Renzo amenidokeza kwamba Padre ana shangazi. Ni mjane, hana mtoto, anakaa mji wa jirani, juu ya jiwe lingine. Sebuleni kwake kuna kinanda cha kukanyaga ambacho hakuna anayekipiga. Padre atatupeleka kumsalimu kesho kutwa. Kinanda! Somanda! Migato wabaki na ding na dong yao.

Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni mtu wa kimya. Nimeanza mara moja. Nimepita ghorofa zote nne nikagonga kila mlango na kuwatangazia wageni, ili wasinishangae. Nikamwita Renzo kutoka juu nikamweleza akiwa chini. Kisha nikafungua dirisha, nikawafahamisha wauza nyanya uwanjani kwamba Shija wa Somanda, yule bwana harusi, tangu saa hii hasikiki tena.

Mayala alisimama akafunga dirisha. Akasema taratibu kwamba upepo unaelekea upande wa kule, na huenda shangazi amekwisha kusikia.

Vizuri. Ajue mapema.