Hoja na Taa Iliyofaa Pikipiki Zote

Jongeeni, enyi wenye masikio! Shusheni ndoo, zimeni redio, mwambieni mtoto anayelia angoje zamu yake, maana vitasimuliwa hapa vita vilivyopiganwa Jumapili moja, kati ya chai ya asubuhi na magharibi, katika ua wa nyuma wa nyumba ya vyumba viwili, ambamo shujaa mwenye bisibisi moja alisimama mbele ya taa ya pikipiki, na taa ikasimama mbele yake, na kwa muda mrefu haikujulikana ni nani kati yao mwenye mwanga zaidi.

Shujaa huyo ndiye Hoja. Jina alilopewa na mama yake limekwisha sahauliwa, mtaa ulimbandika hili kwa sababu hapajapata kuwa na mkutano, wa maji, wa takataka wala wa mazishi, ambao hakunyoosha mkono na kusema, "Mwenyekiti, nina hoja." Hoja, mkumbuka ahadi za watu! Hoja, kero ya makarani! Hoja, aliyejisomea sheria kwenye magazeti ya kufungia nyama, na umeme kwenye kitabu cha shule ambacho kurasa zake za umeme zilikuwa zimenyofolewa!

Na chanzo cha vita kilikuwa hiki. Taa ya mbele ya pikipiki yake, mtumishi wa miaka mingi, ilikata roho. Mkewe ni mwoka mikate, huondoka nyumbani jua halijachomoza, na Hoja ndiye humpeleka. Asije mtu akadhani huo ni usafiri tu. Hoja hurudi kutoka zamu yake ya ghalani akamkuta mke amelala. Mke naye hurudi mchana akakuta mume yuko mkutanoni, anagomba. Safari ile ya gizani ndiyo nafasi pekee ambayo mwanamke yule humshika kiuno, na Hoja akahutubia njia nzima bila mtu kumwambia kwamba muda wake umekwisha.

Jumamosi akaja shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye pikipiki inayong'aa kama sahani ya wageni.

"Dada," akasema, tena mbele ya Hoja, "kuanzia keshokutwa nitakupitia mimi. Huyu atakuua gizani. Kama si shimo, basi ni hotuba."

Mke akamtazama mumewe, akamtazama kaka yake. "Mwache afunge taa kesho. Ikifika magharibi haijawaka, njoo tupange."

Maneno hayo yalimwingia Hoja kifuani kama mkuki. Akatoka mbio kwenda kununua taa mpya, taa kali, yenye vijicho vingi kama uso wa nzi, na juu ya sanduku lake pameandikwa kwa herufi nene: INAFAA PIKIPIKI ZOTE.

Palipopambazuka Jumapili, Hoja akajifunga taulo kiunoni badala ya deraya, akapanga silaha zake juu ya gunia: bisibisi, spana, koleo, msumeno wa chuma, na utepe mweusi wa umeme. Akainua taa kwa mikono miwili mbele ya nguzo mbili zinazobeba usukani, akaisukuma iingie kati yake. Haikuingia. Akaisukuma kwa upole, akaisukuma kwa hasira, akaisukuma huku akiitajia haki zake. Mabano ya taa, yale masikio ya chuma ya kuifungia, yalikuwa mapana kuliko nafasi yenyewe kwa upana wa kidole, na kidole kile hakikuwa na nia ya kupungua.

"Zote!" akanguruma, mpaka kuku wa jirani wakahama. "Nawajua watu wa zote! Walisema nyumba zote zitapata maji. Mimi nilikuwepo, nilisimama mstari wa tatu, nilipiga makofi! Walisema barabara zote zitawekwa lami! Na sasa wameingia mpaka kwenye masanduku ya taa!"

"Soma karatasi ya maelezo," mkewe akasema kutoka jikoni.

"Karatasi imeandikwa na walewale!"

Akaibeba taa kifuani, akarudi dukani kwa mwendo wa jeshi. Muuza vipuri alikuwa akijipepea na mfuniko wa boksi.

"Ndugu," Hoja akaanza, mkono mmoja juu, "nimekuja kwa niaba ya wote waliodanganywa na neno moja."

"Haijaingia?"

"Haijaingia! Na imeandikwa zote!"

"Mzee wangu," muuzaji akasema bila kusimama, "zote maana yake zile zinazoingia."

Hoja, aliyewahi kumnyamazisha diwani, akaikumbatia tena taa yake. Akarudi nyumbani kimya, na mashahidi wa njiani wanasema kimya hicho kilimpa sura ya mgonjwa.

Hapo ndipo alipoushika msumeno. Alikata mabano yale kwa ghadhabu ya miaka mingi. Kila chenga ya chuma iliyoanguka alikuwa ameipa jina la mtu. Mwishowe taa ikaingia, ikakaa, ikakazwa. Hoja akapiga takbiri. Kisha akageuza usukani kushoto, taa ikaukaba waya wa klachi. Akaugeuza kulia, taa ikaligonga tangi. Pikipiki ilikuwa tayari kwa safari yoyote isiyo na kona. Ikabidi afungue tena na kukata upya.

Halafu zikaja plagi. Ya pikipiki ilikuwa na matundu matatu yaliyokaa kama mafiga. Ya taa ilikuwa na meno matatu yaliyopanga foleni. Hoja akazikata zote mbili bila kesi, akaunga waya kwa waya, rangi kwa rangi, akafunga utepe, akapiga teke injini.

Taa ikawaka! Ikazima. Ikawaka. Ikazima. Akiongeza moto, ilikuwa jua. Akipunguza, ilipepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni.

"Inakukonyeza," mkewe akasema mlangoni, unga ukiwa kwenye viwiko. "Injini ikichoka, nayo inachoka."

Akarudi jikoni, lakini neno lile lilibaki uani. Hoja akakaa chini, akafikiri mahali ambapo kitabu chake hakikuwa na kurasa. Taa inakula umeme wa injini, nao unapanda na kushuka. Basi ipelekewe umeme wa betri, uliotulia! Na ni kitu gani kwenye pikipiki hii kinachofanya kazi hata injini ikiwa imezimwa? Honi! Akaruka kama aliyeumwa na siafu, akaufuata waya wa honi, akaukata, akauunga na wa taa. Akageuza ufunguo. Giza. Akabonyeza honi kwa uchungu tu.

Taa ikawaka, nyeupe, imetulia, tukufu. Na honi ikalia nayo. Akaachia kidole, vyote vikazima. Akabonyeza, vyote vikarudi. Taa ilikuwa imekubali kumtumikia, ila kwa sharti kwamba mtaa mzima ujulishwe.

Jua lilikuwa linazama. Shemeji akaingia uani, amekwisha kubeba kofia ngumu ya ziada mkononi.

"Shemeji, hiyo ni pikipiki au harusi?"

Majirani wakacheka kutoka madirishani. Mkewe akatoka, hakucheka. Alikuwa akiitazama ile kofia ya ziada. Na Hoja, aliyezoea kujibu, safari hii akaishika bisibisi. Akapiga magoti. Aliona kwamba ameunga waya mbele ya kitufe. Akaufungua, akauunga nyuma yake, upande unaotoka betri. Akageuza ufunguo, bila kugusa honi.

Taa ikawaka. Ikabaki imewaka. Ilimulika nguo za ndani za jirani zilizoanikwa ghorofani, akaiinamisha ikamulika njia.

"Na ukitaka kuizima?" shemeji akauliza.

"Haizimiki mpaka utoe ufunguo!"

"Kwa hiyo swichi yake haifanyi kazi."

"Shemeji," mke akasema, ingawa alikuwa kaka yake, kwa maana alikuwa akimkejeli, "rudisha kofia yako nyumbani."

Alfajiri Hoja alimpakia mkewe na kuhutubia njia nzima kuhusu mabano, muuzaji na neno "zote". Walipofika kwenye mlango wa tanuri, akamuuliza ameionaje hoja ya mwisho.

"Mimi?" Akavua kofia. "Sijawahi kusikia hata neno. Upepo, na hii kofia. Miaka yote."

Hoja akazima injini.

"Lakini ukiongea mgongo wako unatetemeka," mke akasema, akimkung'uta vumbi begani. "Ndivyo ninavyojua hujasinzia. Kaka yangu akiendesha haongei. Ningekaaje nyuma yake?"

Wachongao majina ukutani huchonga ya wale waliokata utepe. Basi na liandikwe hapa lisiloandikwa huko: bila mgeni rasmi, bila tarumbeta isipokuwa honi, taa moja iliahidiwa kuwaka kabla ya magharibi, na iliwaka, na mwanamke mmoja akashuka kwenye mlango wa kazi yake, mzima, kwa wakati.