Dakika Tatu Zote Nimesalimia

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya wabunge. Wabunge wenyewe, na kamera juu.

Mdogo wangu Neema anafanya kazi za ndani Uarabuni, huu mwaka wa tatu. Pasipoti yake anayo mwajiri, kaifungia kabatini. Baba alipofariki, Neema alilia kwenye simu tu, kwa sababu bila pasipoti hakuweza kuja kuzika. Sasa kuna mkataba na nchi za huko kuhusu wafanyakazi wetu, na kabla Bunge halijauridhia, kamati inapita kukusanya maoni ya wananchi. Leo ilikuwa zamu ya Buswelu, na inarushwa mtandaoni moja kwa moja.

Mama alinituma neno moja. "Kaseme mkataba uandike kwamba mwajiri asishike pasipoti. Hilo tu, urudi."

Hilo tu! Sentensi moja. Mimi ni mwalimu, miaka kumi na tisa nasema mbele ya watu (hata wasiponisikiliza).

Tuliambiwa saa tatu. Nikafika saa mbili na nusu. Waheshimiwa wakafika saa saba. Kufikia hapo mgongo umekufa ganzi, njaa inauma, na hamu ya kusema imeshaniisha.

Nikaitwa wa nne. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Mwalimu, karibu. Una dakika tatu."

Mtu mwenye akili angesema "itifaki imezingatiwa" akaendelea. Mimi nimelelewa vizuri (ndilo tatizo langu). Nikaanza. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati. Waheshimiwa wabunge. Mwakilishi wa mkuu wa wilaya. Mheshimiwa diwani. Baba paroko. Shehe wetu. Wazee wangu, shikamooni!

"Marahabaaa!" Mzee mmoja akaongeza, "Mama yako anaendeleaje na ule mguu?"

Ningefanyaje? Nikamjibu. Mguu una nafuu.

Nikafungua karatasi. Mara nikasikia kikohozi mstari wa mbele. Mwenyekiti wa mtaa wetu! Nilikuwa nimemruka, na wiki ijayo nahitaji muhuri wake. Nikarudi nyuma, nikamtaja. Mwenzake wa mtaa wa jirani akanuna, naye nikamtaja. Halafu wajumbe wao. Halafu mlezi wa kwaya yetu, ambaye hana cheo chochote serikalini ila alikuwa ananitazama.

Kengele ikalia.

"Muda wako umekwisha, mwalimu."

"Mheshimiwa, bado sijasema..."

"Tunakushukuru sana kwa mchango wako mzuri."

Watu wakanipigia makofi! Tena ya kweli. Kipaza sauti kikatolewa mkononi mwangu, akapewa muuza dagaa mmoja. Yeye akasema "itifaki imezingatiwa," akamaliza hoja zake zote, na dakika moja ikabaki.

Nikamfuata karani. Kwenye daftari lake, mbele ya jina langu, ameandika neno moja: "Amesalimia."

"Kaka, niongezee hapo la pasipoti."

"Mama, mimi naandika kilichosemwa."

Basi kumbukumbu zinakwenda Dodoma hivyo hivyo, na Bunge litajua kwamba Buswelu tuna adabu.

Nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe, viatu mkononi. Ujumbe ukaingia. Neema.

"Dada nimekuona! Bosi kanipa simu dakika tano. Gauni limekupendeza. La pasipoti ulilisema mwishoni, eeh? Mtandao ulikata kwenye makofi."

Sijamjibu mpaka sasa. Naona aibu, na nimechoka hata kuandika uongo. Mama naye kauliza mara mbili imekuwaje. Nimemwambia mguu wake umetajwa mbele ya Bunge.

Chekeni, ila chekeni haraka. Kesho kamati iko Nyegezi, nami nakwenda. Nitasema pasipoti kabla hata ya kusema jina langu, na mwenyekiti wa mtaa anayetaka kukohoa, akohoe mpaka jioni.