Klakson ya Masuwa mu Jeep ya Papa Muhindo

Kabondo, Kisangani, mwezi ya munane 2001

Kwa Papa Muhindo, mwenye magazini, duka ya maharagi, na mwenye jeep.
Copie kwa Mungu, juu bakubwa bengine bote banapandaka mu jeep yako.

Papa mwenye heshima,

Jambo sana. Ni mie Benoît, mutoto ya mama Adeline, ule anabebaka batu na baiskeli, velo ya toleka ya rangi ya bleu. Tunaangaliana mulango kwa mulango. Unanijua kama ule hasemaka. Nikifika mbele yako naanza kuhesabu vidole ya miguu yako. Donc niko naandika. Nilifika quatrième primaire tu, darasa ya ine. Makosa ya maandiko unisamehe. Makosa ya jeep, ile ni yako.

Nilitaka kuandikia chef ya avenue, mukubwa ya mutaa. Lakini chef ya avenue anakaa mbele mu jeep, asubuyi na mangaribi, mukono inje ya dirisha. Barua ingekula vumbi tu.

Papa, wakati jeep ilishuka mu tumbo ya avion, ndege ya mizigo, katikati ya magunia, ilikuwa jeep ya adabu: kadogo, nyeupe, milango mbili. Tuliipenda. Kisha wewe na Hugues, fundi yako, mukaanza kuipamba kama bibi-arusi mwenye mashangazi mingi. Ni kazi ya akili, sibishi. Lakini malalamiko iko, na niliyapanga:

1. Macho. Hugues alichora kope juu ya taa ya mbele, na midomo nyekundu kwa pare-choc, bampa yake. Batoto banasema inafinyia bamama jicho. Muteja wangu akitoka inje, anaangalia jeep, jeep inamuangalia, banaelewana. Mie nabaki na kengele yangu, kling kling.

2. Viti. Ulivivalisha kitambaa ya sikukuu ya Mutakatifu Yosefu, na sura yake katikati. Chef ya avenue iko na kilo mia na kumi. Papa, Yosefu alikuwa seremala, alizoea mizigo, lakini si ile, na si mu uso. Na juu ya jeep, kwa chuma ya mizigo, ulifunga viti ine ya plastiki na parasol, mwavuli ya jua. Bale banakaa pale banatupa maganda ya ndizi. Ndizi ya nani? Ya magazini yako. Kichwa ya nani? Yangu.

3. Antena. Uliweka antena ndefu mbele, inapindwa nyuma kama ya bakomanda, na kitambaa kidogo kwa ncha. Sasa bakadogo, baaskari batoto ya bariere ya njia, banasimama wima, banaipigia salut. Siku ya kwanza ya juma balinikamata: « We wa velo, haukuona komanda anapita? Shuka! » Nilishuka. Nilipiga salut, muteja yangu pia alipiga, na kuku yake mu kwapa. Papa, ndani ya jeep hakukuwa komanda. Kulikuwa magunia sita ya maharagi. Nilisalimia maharagi mbele ya batu.

4. Klakson. Hapa sicheki tena.

Ulitoa klakson ya masuwa ya zamani, meli ya mto ile inaoza karibu na beach, bandari yetu, na Hugues akaifunga mu jeep na pompe yake ya upepo. Inalia sawa masuwa ya kweli ikitoka Kinshasa: fupi, fupi, kisha ndefu mpaka sahani inatetemeka. Unajua masuwa haikupanda tangu vita ilifunga mto. Siku uliijaribu, Kabondo muzima ilikimbia beach. Bamama na mabeseni, basukumaji na mikokoteni ya pousse-pousse, mie na velo. Tulikuta muvuvi moja anatengeneza wavu. Alituuliza nani amekufa.

Mara ya pili, nusu bakakimbia. Mara ya tatu, balitaka kucheka tu. Leo anabaki mutu moja: mama yangu.

Papa yangu René alishuka na masuwa mpaka Kinshasa na samaki ya kukausha ya Yanonge, mwezi ya saba 98. Alisema juma tatu. Ni miaka tatu. Donc jeep yako ikilia, mama anaacha sufuria kwa moto, ananawa uso, anavaa kikwembe ya kijani ile Papa alimupa, anafunga chikwange ya muhogo mu kitambaa, anakwenda. Amekwenda mara kumi na moja. Goti moja imevimba. Namwambia, « Mama, ni Muhindo. » Ananijibu, « Na siku haitakuwa Muhindo, nani atamupokea? » Avenue muzima banamuita Mama Masuwa. Hata muke ya chef, na hasemi polepole.

Kwa hiyo, na heshima yote, naomba:

Utoe klakson na uweke ile ya jeep, yenye inalia kama mbuzi. Kama haiwezekani, kila ukiipiga ufikishe pia masuwa. Kama masuwa ni nguvu, umubebe mama mpaka beach na umurudishe; ye akae mbele, chef ya avenue apande juu kwa viti ya plastiki. Kama hata ile unakataa, alors simama wewe mwenyewe ku beach na valize, mama akuite bwana yake, ukule chikwange, na ujibu maulizo yake ya miaka tatu. Iko na maulizo mingi. Nakuonya.

Salimia mama Olga, bibi yako, batoto bote, Hugues na mafuta yake, Mutakatifu Yosefu kama bado anapumua, na jeep yenyewe.

Mie mwenye kunyamaza,
Benoît, toleka bleu

N.B. Papa, usichane barua. Ilikuwa bado kwa meza wakati klakson ililia, saa ine. Nilisema « Muhindo tena », nilimushika mama kwa kikwembe. Alijitoa, akaenda na miguu bila viatu. Nilitoka nije kugonga kwako na hasira, mara ya kwanza mu maisha yangu. Nikakuta jeep mu kiwanja, Hugues anaiosha, klakson iko chini kwa majani, imefunguliwa vipande vipande.

Papa, ilikuwa masuwa.

Ku beach hakukuwa mutu, juu wewe ulitufundisha kukaa nyumbani klakson ikilia. Mama tu, na mie nyuma yake mbio. Papa René alishuka, amekonda, meno mbili hakuna, anauliza kama Kisangani yote balihama. Iko na masanduku ine, na mashini ya kushona. Mie nilirudi mbio kukamata velo, lakini velo haiwezi kubeba yote.

Donc naomba jeep. Chuma ya juu kwa masanduku. Yosefu kwa mugongo ya Papa. Antena kwa bariere, basimufungulie mizigo. Na umwambie Hugues afunge ile klakson mbio mbio, muipige kutoka beach mpaka kwetu, na mbele ya nyumba ya chef musimame kidogo.

Mama anasema ye atakaa mbele. Chef apande juu.