Kigoda cha Mama Kilivyozama Nami

Jamani, leo nimezama. Sisemi kwa mafumbo. Nimezama kwenye tope, mchana, mbele ya watu waliokuja kutupa pole.

Kaka yangu Mwita alifanya kazi kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini, nchi ya mbali. Alikuja likizo hapa Kewanja, akashikwa na homa, tukamzika nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo Mama hali chakula. Anakunywa maji tu na kuuliza swali moja.

"Miaka yote ile mwanangu alikuwa anakanyaga nini?"

Anaamini Mwita aliishi juu ya maji kama jani, na ndiyo maana hakudumu.

Leo, wageni wakiwa chini ya turubai, nikajibu. (Mimi niliishia darasa la saba na si msemaji. Lakini Mwita alinieleza kwa simu mara nyingi mpaka nikawa naota mtambo wake.)

"Alikanyaga kitu, Mama. Mtambo una miguu mitatu mirefu. Unakokotwa ukielea, miguu ikiwa juu. Ukifika, miguu inashushwa taratibu mpaka iguse chini ya bahari. Halafu nyumba yote inapanda kwenye miguu yake, inatoka majini, inasimama hewani. Usiku taa zinawaka zote. Mawimbi yalipita chini ya kitanda chake na kitanda hakikutikisika."

Watu wakasogeza viti. Mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilisikika kwa mbali kama mvua.

Mzee Marwa, jirani yetu mwenye shimo la dhahabu, akakohoa. "Bhoke, mimi shimo langu navuta maji kwa pampu kila siku. Hao wanachimba baharini, maji hayaingii?"

"Wanashusha bomba kwanza, Mzee, mpaka ndani ya ardhi. Keekee, ile ya kutobolea mwamba, inazunguka humo ndani. Bahari inabaki nje."

"Na mafuta yakitaka kuruka?"

"Wanayakandamiza kwa tope zito."

"Tope," Mzee Marwa akamwambia mwenzake. "Kumbe ni wenzetu."

Mama akainuka, akanisogezea kigoda alichokalia. Kina miguu mitatu.

"Nionyeshe."

Karibu na turubai kuna bwawa ambamo Mzee Marwa humwaga marudio, lile tope linalobaki akishaosha dhahabu. Juu yake maji yalikuwa yametulia, mawingu yamo ndani. Nikaweka kigoda, miguu ikagusa chini. Nikapanda. (Na khanga ya msiba. Uzito wangu mnaujua.)

"Unaona, Mama? Bahari hii hapa. Mwita huyu hapa, amesimama."

Na kwa muda kidogo ilikuwa kweli. Upepo ulipita, mawingu yakatembea chini ya miguu yangu, nikaziona zile taa.

Kisha mguu mmoja wa kigoda ukaanza kwenda chini. Nikaendelea kueleza.

"Bhoke, shuka," akasema Mzee Marwa.

"Mtambo haushuki, Mzee."

"Huo wako unashuka."

Nikaenda upande, polepole, kama mtu anayesinzia kanisani. Nilipotulia, tope lilikuwa kiunoni na kigoda sikukiona tena.

Mama alishika kichwa. "Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa mwanangu?"

Moyo ukaniuma. Nilitaka kumtuliza, kumbe nimemwongezea uchungu. Ndipo, nikiwa mle mle topeni, nikakumbuka kipande nilichosahau.

"Hapana, Mama. Wao kabla ya kuinua nyumba juu wanaijaza maji iwe nzito, wanangoja. Kama chini ni laini, miguu izame wakati huo. Ikikataa kuzama zaidi, wanayatoa maji ndipo wanapanda."

"Wanapima kwanza?"

"Wanapima kwanza."

"Mwita alikuwepo wakipima?"

"Mwita ndiye aliyekuwa anafungua hayo maji, Mama."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka tope lilipoishia.

"Nimezaa wawili," akasema. "Mmoja anapima. Mwingine anapanda."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, kwenye udongo, miguu ameinyoosha. Kisha akaomba ugali.

Nimeoga mara mbili na bado nanuka shimo. Kigoda hakijapatikana; Mzee Marwa anasema kikipatikana huenda kikatoka na dhahabu. Mkija kesho kutoa pole, tafadhali msicheke. Mama ameshacheka kwa niaba yenu wote.